Usitazame Jino, Tazama Mkono

Hamjambo ndugu zangu wa huko nyumbani! Huku Uholanzi mvua haikatiki, na siku kama hizi mimi hukimbilia makumbusho ya sanaa. Mtacheka, lakini wachoraji wa zamani wa huku walipenda mno kuchora watu wanaong'olewa meno.

Nawawekea moja hapa kwenye skrini. Ni ya Lucas van Leyden, mwaka 1523, aliichonga kwenye bamba la shaba kisha ikapigwa chapa. Mgonjwa kaachama, mng'oaji yumo kazini. Macho yote yanakwenda mdomoni, siyo? Haya, achana na mdomo. Mwone huyo mwanamke nyuma ya mgonjwa. Mkono wake uko wapi? Kwenye mkoba wa watu! Maskini huyu jino linatoka na pesa nazo zinatoka, na kwa maumivu yale hana habari.

Ganzi hakuna wakati huo. Kung'oa meno ilikuwa kazi ya vinyozi na wababaishaji wa gulioni, waliohama mji hadi mji kabla fizi hazijavimba. Ndiyo maana wachoraji waliwaona matapeli tu. Theodoor Rombouts wa Antwerp kamchora mmoja, picha iko makumbusho ya Prado, Madrid, Hispania: jamaa kajivika mkufu wa meno ya watu shingoni! Ndiyo matangazo yake ya biashara hayo. Ya Jan Steen, ya 1651, iko hapa The Hague, kwenye makumbusho ya Mauritshuis. Hapo mimi huwaangalia zaidi watazamaji, maana mtu analia na wao wamekuja kustarehe.

Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard akatoa kitabu kikubwa cha tiba ya meno, na fani ikaanza kuheshimika. Basi ungedhani picha nazo zitapoa. Wapi!

Tazameni hii ya Mwingereza Thomas Rowlandson, ya 1787. Hii ndiyo iliyonikera hasa. Wakati huo matajiri walikuwa wakipandikiziwa meno ya watu hai. Katikati kakaa mtoto wa kufagia dohani, mweusi kwa masizi, anang'olewa jino zima lisilo na ugonjwa. Pembeni mabibi na mabwana wanangoja kuwekewa. Mlangoni watoto wawili wanatoka, wameshika mashavu, wanaangalia sarafu walizolipwa. Na ubao umeandikwa kwamba meno hai yananunuliwa kwa bei nzuri kabisa. Rowlandson alikuwa mchoraji wa vikatuni, anatia chumvi, sawa. Ila biashara yenyewe ilikuwepo kweli, na meno hayo mara nyingi hayakudumu, mengine yakaleta kaswende.

Mwaka huohuo, huko Paris, mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun alionyesha picha yake mwenyewe akitabasamu, meno yanaonekana, na watu wa hadhi wakakasirika. Huyo ana video yake peke yake, naipandisha wiki ijayo. Bonyezeni kengele.