Kitambaa cha Merikani na Ardhi ya Wachoctaw

Assalamu alaikum, na wengine wote habari za jioni. Wazee wangu, kina mama, vijana, ahsanteni kwa kufika.

Nimekuja na kipande cha kitambaa. Naomba kianze na wazee wa safu ya mbele, kisha kipite mkono kwa mkono hadi nyuma. Kishikeni vizuri. Ni pamba tupu, kigumu kidogo, rangi yake kama maziwa yaliyolala, hakijatiwa dawa ya kung'arisha. Bibi yangu alishonea magodoro ya sufi kwa kitambaa cha aina hii, na mimi utotoni nilidhani "merikani" ni jina tu, kama kaniki. Nilikuwa mtu mzima tayari nilipong'amua kwamba ndani ya neno hilo mna nchi nzima, na tangu hapo swali halijanitoka: pamba yake ilimea kwa nani?

Nimeombwa nizungumzie jinsi Marekani ilivyopanuka kuelekea magharibi katika karne ya 19 na utajiri uliotokana na hilo. Wengi hapo mnawaza magari ya kukokotwa na ng'ombe na dhahabu ya California. Yalikuwepo. Lakini mimi nitafuata kitambaa, maana kinatupeleka palipokuwa na fedha.

Tuanzie hapa hapa Unguja. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, na ushuru wa bidhaa zao ukawekwa asilimia 5. Mwaka 1837 akaja balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem katika jimbo la Massachusetts. Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid, Sultana, ikaongozwa na Ahmad bin Naaman hadi New York. Merikebu za Salem zilishusha hapa majora ya merikani, zikapakia pembe, karafuu, ngozi na sandarusi. Merikani ikapanda bara kwa vichwa vya wapagazi hadi Tabora na Ujiji, na huko ilikuwa ndiyo fedha. Hongo ya mtemi, yaani ushuru wa kupita nchini mwake, ilihesabiwa kwa doti, pembe zilinunuliwa kwa merikani, na watu pia walinunuliwa kwa merikani. Hilo nalisema wazi, kwa sababu ni la kwetu.

Kitambaa kilifumwa kaskazini, katika miji kama Lowell, penye maporomoko ya mto na mashine, na wasichana wa mashambani wakifanya kazi kuanzia alfajiri. Lakini Massachusetts ina theluji, haioti pamba. Marobota yalitoka kusini, na kadiri miaka ilivyokwenda yalizidi kutoka kusini-magharibi: Alabama, Mississippi, Louisiana. Tangu kupatikana kwa mashine ya Eli Whitney ya kuchambua pamba, iliyopewa hataza mwaka 1794, kila mwenye mtaji alitaka udongo mpya wenye rutuba. Na udongo ule ulikuwa na wenyewe.

Hapa nataka tutulie kidogo. Wenyewe mmojawapo ni Wachoctaw, taifa la wenyeji wa asili wa Amerika. Walikuwa wakulima wa mahindi, wana vijiji, wana viongozi, wana mikataba na serikali ya Marekani iliyotiwa saini kwa kalamu. Mwaka 1830 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji, ikasainiwa na Rais Andrew Jackson, na mwezi Septemba mwaka huo huo Wachoctaw wakabanwa hadi wakatia saini mkataba wa kuachia ekari zipatazo milioni 11 za Mississippi. Kwa kipimo chetu, hiyo ni Unguja zaidi ya mara 25.

Kijana Mfaransa, Alexis de Tocqueville, alikuwa Memphis majira ya baridi ya mwaka 1831, akawaona wakivuka mto Mississippi. Barafu zilikuwa zikielea majini. Walikuwa na wagonjwa, vichanga, na wazee waliokuwa wakikaribia kufa. Hakuna aliyelia kwa sauti. Walipokwisha kupanda chomboni, mbwa wao walibaki ukingoni, na walipotambua kwamba mabwana zao wanaondoka, walibweka kwa uchungu, wakajitosa wote ndani ya maji yale, wakaogelea kukifuata chombo. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi na bado sijayazoea.

Walipoondoka, mpima ardhi akaingia na mnyororo. Mnyororo wenyewe ulikuwa na pete 100 za chuma, urefu wake futi 66, karibu mita 20. Minyororo 80 ni maili moja. Maili moja kwa maili moja ni mraba wa ekari 640, na miraba 36 ni kitongoji kimoja, ambapo mraba nambari 16 ulitengwa kugharimia shule. Mstari ulinyooka ukapita kinamasi, ukapita kilima, ukapita shamba la mahindi la mtu. Ukishachorwa hivyo, tajiri wa New York anaweza kununua mraba ambao hajawahi kuukanyaga, akaupiga dalali kesho yake kwa faida. Bei ya chini ya serikali tangu mwaka 1820 ilikuwa dola 1.25 kwa ekari. Bunduki iliwatoa watu, lakini kilichoigeuza ardhi kuwa bidhaa ni mnyororo ule na daftari la ofisi ya ardhi. Wanaosema magharibi ilijengwa na ujasiri wa mtu mmoja mmoja wanaisahau ofisi hiyo.

Tena palikuwa na mnyororo wa pili. Watu wapatao milioni moja waliokuwa utumwani walihamishwa kutoka majimbo ya zamani, kama Virginia na Maryland, kwenda kwenye mashamba mapya. Wengine walipelekwa kwa meli, wengi wakatembea kwa miguu majuma mengi, wanaume wamefungwa wawili wawili, hadi kwenye masoko kama lile la Natchez. Mississippi ilikuwa na watumwa wapatao 65,000 mwaka 1830. Mwaka 1860 walikuwa 436,000, wengi kuliko watu huru. Mume aliuzwa huku, mke akabaki kule. Benki zikakopesha kwa dhamana ya miili yao, kama vile leo mtu anavyoweka hati ya nyumba. Mwaka 1837 mikopo hiyo ilipoporomoka pamoja na bei ya pamba, nchi nzima ilitikisika. Hata hivyo, kuanzia miaka ile hadi vita vya kaskazini na kusini, pamba peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya mauzo yote ya Marekani nchi za nje.

Kaskazini nako walipanuka kwa njia yao. Mfereji wa Erie, maili 363, ulifunguliwa mwaka 1825, na nauli ya tani moja kutoka Buffalo hadi New York, iliyokuwa kama dola 100, ikashuka chini ya 10. Ngano ya mbali ikawa na faida. Chicago, iliyokuwa na watu kama 4,500 mwaka 1840, ilivuka milioni moja mwaka 1890.

Pande hizo mbili ziligombea magharibi: ardhi mpya iwe ya watumwa au ya wakulima huru? Vita vikazuka mwaka 1861. Wabunge wa kusini walipojitoa, wa kaskazini mwaka 1862 wakapitisha waliyokuwa wakizuiwa: ekari 160 kwa atakayeishi na kulima miaka mitano, na reli ya kuvuka bara, iliyounganishwa Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869. Maelfu ya Wachina waliipasulia njia kwenye miamba ya Sierra Nevada. Na ekari hizo nazo zilikuwa na wenyewe.

Pamba ya kusini ilipozuiwa bandarini na vita, viwanda vya Massachusetts vilikwama, na merikani ikaadimika hapa Unguja. Vitambaa vya Uingereza na India vikaziba pengo. Wanunuzi wa bara waliendelea kuomba merikani, wakauziwa hiyo nyingine kwa jina lile lile. Hata hiki mnachopitishiana hakikutoka Marekani.

Wachoctaw wengine hawakuvuka mto. Walibaki Mississippi, wengi wakilima kwa kugawana mavuno kwenye ardhi iliyokuwa yao, na mwaka 1945 serikali iliwatambua rasmi kuwa taifa. Wapo hadi leo, na lugha yao inasemwa.

Naona kitambaa kimefika safu ya nyuma. Kikianza kurudi, nitapokea maswali.