Mtori Umepikiwa Mzazi

(Mhadhara kwa walimu na wanafunzi wa Kiswahili, Moshi)

Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Walimu wenzangu, wanafunzi, karibuni, na poleni na safari. Najua waliotoka Rombo na Marangu wameondoka nyumbani bado giza.

Naanza na sentensi ya bibi yangu, mzaliwa wa Vunjo. Mama alipojifungua mdogo wangu, bibi aliinjika mtori, nasi watoto tukawa tunazungukazunguka jikoni. Akatukemea: "Msiguse! Mtori huu umepikiwa mzazi." Tukaelewa, tukatoka nje. Miaka kadhaa baadaye nikaandika sentensi ya namna hiyo katika insha. Mwalimu akaikata kwa wino mwekundu na pembeni akaandika: "Kiswahili gani hiki?" Kisha akanisimamisha niisome kwa sauti, darasa zima likacheka.

Lile lilikuwa swali zuri sana, na linaniuma hadi leo kwamba hakungoja jibu. Kiswahili gani hiki? Nimekuja kulijibu.

Tukitazame kitenzi. Pika ikiingia kauli ya kutendea inakuwa pikia, na hapo kitenzi kinabeba yambwa mbili: kinachopikwa na anayepikiwa. Bibi amempikia mzazi mtori. Sasa tuigeuze iwe kauli ya kutendwa. Mzazi amepikiwa mtori: hapo hatubishani. Mtori umepikiwa mzazi: hebu inueni mikono mnaoikubali. Naona karibu nusu ya ukumbi. Wanaoikataa? Mwalimu wa pale nyuma, wewe ni mwenyeji wa wapi? Tanga. Ahsante, mwalimu. Usiondoke mapema, nitakuhitaji.

Kwa Kiswahili sanifu, mwalimu wa Tanga yuko sahihi. Anayepikiwa ndiye anayepanda kuwa kiima. Chakula kinabaki nyuma ya kitenzi. Lakini Kichagga, hasa lahaja yake ya Vunjo, yaani Kivunjo, hakina kizuizi hicho. Mwaka 1990 Joan Bresnan wa Chuo Kikuu cha Stanford na Lioba Moshi, mwanaisimu ambaye Kivunjo ni lugha yake mwenyewe, walichapisha makala kuhusu jambo hili hili. Walionyesha kwamba lugha za Kibantu hazifanani katika kuzitendea yambwa mbili. Zipo zinazoipendelea moja, na zipo zinazozipa zote mbili haki sawa. Kivunjo kiko katika kundi la pili. Sikilizeni, wenye lugha mtanisahihisha toni: Nailyiia mka kelya, yaani anamlia mke chakula, kwa maana ya kula kwa ajili yake. Igeuze: Mka nailyiio kelya. Igeuze tena: Kelya kilyiio mka. Zote mbili ni safi kwa Mvunjo. Bibi yangu hakuharibu Kiswahili. Alisimama juu ya sarufi kamili, akaivika maneno ya Kiswahili.

Na kuna zaidi. Chukueni neno moja, Naikimlyiia, anakila kwa ajili yake. Mnaisikia ki? Ndiyo chakula. Mnaisikia m? Ndiye mke. Viwili vyote vimeingia ndani ya kitenzi. Kiswahili kina chumba kimoja tu cha yambwa: ukimweka mtu, kitu kinakaa nje. Kwa hiyo mtoto akikwambia "kitabu nimekimpa", kabla hujachukua kalamu nyekundu, jiulize nyumbani kwao wana vyumba vingapi.

Makala ile imesomwa na kujadiliwa na wanaisimu mbali sana na hapa. Nami, katika nchi yenyewe ya lugha hiyo, nilitembea shuleni siku nzima nikiwa na kibao cha adhabu shingoni kwa sababu nilimsalimu mwenzangu kwa kilugha. Wapo humu waliokivaa, naona mnavyotikisa vichwa. Utajiri ule ule uliowashughulisha wasomi, sisi tulifundishwa kuuonea aibu.

Nitaje mengine kwa haraka. "Mbuzi imekufa": katika lugha nyingi za Kibantu mnyama hufuata upatanisho wa ngeli ya jina lake. Kiswahili ndicho kilichowahamishia wanyama kwenye ngeli ya watu, kwa hiyo mtoto anayesema hivyo anafuata kanuni ya zamani kuliko yetu. "Zambi", "samani", "gafla": dh, th na gh ni sauti zilizoingia pamoja na maneno ya Kiarabu, na zinasumbua Wabantu wengi wa bara, si Wachagga peke yao.

Mwaka 1967 mwanaisimu Pit Corder aliandika kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi: yanamwonyesha mwalimu mfumo ambao mwanafunzi ameujenga kichwani hadi siku hiyo. Miaka mitano baadaye Larry Selinker akaupa mfumo huo jina, lugha iliyo katikati ya ile anayoijua mtu na ile anayojifunza. Nawaomba mchukue maneno hayo kwa uzito, kwa sababu nyinyi mnaushika ushahidi huo kila siku, kisha mnaufuta ubaoni.

Sisemi tuache usanifu. Mtoto atafanya mtihani, na pale "mzazi amepikiwa mtori" ndiyo itakayompa alama. Lakini usanifu ni uamuzi wa watu. Mwaka 1928 kikao cha Mombasa kilichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Mfundishe mtoto uamuzi huo kama uamuzi. Ziandike sentensi mbili ubaoni sambamba, umwonyeshe kila moja inatoka wapi. Nimefanya hivyo darasani kwangu, na mtoto aliyekuwa hanyanyui mkono akawa ndiye anayetuletea mifano.

Na wekeni daftari. Andika sentensi kama ilivyosemwa, bila kuisahihisha, na pembeni lugha anayozungumza mtoto nyumbani. Hilo la pembeni msilisahau, maana ndilo lenye swali linaloninyima usingizi. Watoto wengi wa mjini hapa sasa wanakua na Kiswahili tu. Ikiwa mtoto hajui neno la Kichagga na bado anaukubali mtori wa bibi, basi sarufi ile haitoki tena nyumbani kwake. Imehamia mtaani, na hicho ni Kiswahili cha Moshi, kinachohitaji mtu wa kukiandika.

Kwa hiyo, mwalimu wa Tanga, sogea mbele unisaidie kuhesabu. Wale mlioikubali sentensi ile mwanzoni, inueni tena mikono. Sasa, msiojua Kichagga kabisa, bakini mmeinua.