Shilingi 20 za John Hampden

Haya jamani asanteni kwa kuja, na nyie mliosimama hapo mlangoni sogeeni ndani, viti bado vipo. Mada yetu ya leo, jinsi ya kuwawekea watawala mipaka, watu wengi wanaianzia Marekani mwaka 1776, mimi naomba tuanzie nyuma zaidi, kwenye shilingi 20.

Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza toka 1629 alikuwa anatawala bila kuita bunge, na bila bunge hakuna kodi mpya, kwa hiyo hela zikaanza kumuishia. Watu wake wakafukua kodi moja ya zamani, kodi ya meli, ambayo miji ya pwani ilikuwa inatoa wakati wa hatari ya vita, yeye akaitandaza nchi nzima mpaka huko bara ambako bahari wanaisikia tu, na vita yenyewe hakuna! Sasa kulikuwa na bwana mmoja mwenye mashamba Buckinghamshire, John Hampden, akadaiwa shilingi 20. Huyu ni tajiri, shilingi 20 kwake si kitu, lakini akagoma. Kesi ikaenda kwa majaji 12, saba wakampa mfalme, watano wakampa Hampden. Yaani alishindwa, ila hebu fikirieni, hawa ni majaji ambao mfalme anaweza kuwaondoa kazini, na bado watano wamekataa kumpa ushindi. Nchi nzima ikaelewa kwamba mfalme anaweza kubishiwa.

Alipata wapi ujasiri huo? Alikuwa na karatasi za zamani nyuma yake. Mwaka 1215 pale Runnymede, kando ya mto Thames, wakuu wenye ardhi walimbana Mfalme John akaitia muhuri hati inayoitwa Magna Carta, na ndani yake kulikuwa na kifungu kwamba mfalme asitoze baadhi ya michango mpaka apate ridhaa ya baraza la nchi. Tuseme ukweli, wale walikuwa wakubwa wanalinda mali zao, mkulima wa kawaida hakuwa ajenda. Na miezi mitatu haikuisha Papa akaifuta, ikaja kutolewa upya 1216 kile kifungu kikiwa kimeondolewa. Lakini wazo lilishatoka, halikurudi tena ndani. Mwaka 1628 bunge likamfanya Charles huyu huyu akubali kwa maandishi kwamba hakuna kodi bila bunge na hakuna kumfunga mtu bila sababu, mwaka uliofuata akalivunja bunge.

Mwisho wake mnaujua. Januari 1642 akaingia bungeni na watu wenye silaha kuwakamata wabunge watano, Hampden akiwemo, akakuta wameshaondoka. Vita kati ya mfalme na bunge ikaanza, Hampden akafa kwa majeraha 1643, na tarehe 30 Januari 1649 mfalme akakatwa kichwa.

Hapa nataka tukae kidogo maana ndo penyewe. Mfalme kaondoka, je serikali ikawa na mipaka? Haikuwa. Akaja Oliver Cromwell, kamanda wa upande wa bunge kwenye vita ile, akatawala na jeshi lake na bunge akalifukuza. Kumuondoa mfalme ni jambo moja, kumuwekea mtawala mipaka ni jambo lingine kabisa. Hata kwetu, Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961 malkia wa Uingereza akiwa bado mkuu wa nchi, ikawa jamhuri 9 Desemba 1962, lakini sura ya haki za raia kwenye katiba tulikuja kuipata kwenye mabadiliko ya 1984. Miaka 22 hapo katikati, hesabuni wenyewe.

Waingereza wakaja kupata sheria ya haki ya 1689, mfalme hana kodi wala jeshi la kudumu wakati wa amani bila bunge. Sawa. Lakini bunge je, nani analizuia? Hilo swali ndo waliloligonga watu wa makoloni Marekani. Wao walikuwa na mabaraza yao ya kuchaguliwa, Virginia toka 1619, kodi zao walikuwa wanajipangia. Ikaja 1765 bunge la London, ambalo hawana hata mbunge mmoja ndani yake, likaweka kodi ya stempu kwenye magazeti, hati za kisheria, mpaka karata za kuchezea. Wakagoma, kodi ikafutwa 1766, ila siku hiyo hiyo bunge likapitisha sheria nyingine kwamba lina mamlaka juu ya makoloni katika kila jambo. Kila jambo! Yaani lile bunge lililomfunga mfalme kamba sasa lenyewe halina kamba. Na mpaka Julai 1775 hawa watu walikuwa bado wanamwandikia Mfalme George wa Tatu wakimsihi awatetee, barua yao hakuipokea, akawatangaza waasi. Mwaka mmoja baadaye wakajitangazia uhuru.

Na katika rasimu ya tangazo lile mwandishi wake, Thomas Jefferson, alikuwa ameweka maneno ya kulaani biashara ya watumwa, wenzake wakayaondoa, na yeye mwenyewe alikuwa anamiliki watumwa. Hili linaniuma kila nikilisoma.

Ila jimbo la Massachusetts huko huko Marekani lilitunga katiba yake 1780, ibara ya kwanza inasema watu wote wanazaliwa huru na sawa, na kulikuwa na mama mmoja mtumwa anaitwa Bett akaamua kuichukua ibara hiyo kama ilivyoandikwa. Akatafuta mwanasheria, Theodore Sedgwick, wakamshtaki mmiliki wake, John Ashley. Mwaka 1781 jopo la raia likasema huyu mama ni mtu huru, pamoja na mwenzake Brom, na Ashley akaamriwa awalipe fidia. Shilingi 30.