Vinyonga Wengi, Macho kwa Kila Mmoja: Makosa Yanayowaua na Namna ya Kuyaepuka

Hamjambo watazamaji, karibuni. Tuko nje kidogo ya mji wa Nakuru, na nyuma yangu mnaona safu ya vizimba. Kila kizimba kina kinyonga mmoja. Swali ninaloletewa mara kwa mara ni hili: mbona kinyonga wangu wa kwanza alinawiri, lakini nilipoongeza wengine wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine, na chakula ni kile kile? Jibu langu ni kwamba watu wakishakuwa na vinyonga wengi huanza kuwafuga kama kuku: maji kwa wote, chakula kwa wote, jicho moja kwa wote. Kinyonga hawezi kufugwa hivyo. Akiugua hujificha kwa rangi na kwa kutulia, na ukija kugundua, mara nyingi umechelewa.

Kabla hatujashika nyundo, kibali. Vinyonga ni wanyamapori. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumtoa kichakani na kumweka nyumbani bila idhini, na vinyonga wetu wote wamo pia katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini. Nenda ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, iliyo karibu nawe, uulize, uandikishwe. Ukikataliwa, usianze.

Sasa tujenge. Chukua fremu ya mbao, upana sentimita 45 hadi 60, kimo 90 au zaidi, kwa sababu kinyonga huishi kwa kupanda, si kwa kutambaa chini. Funika kwa wavu laini ule wa madirishani. Waya wa kuku uache: unachubua vidole, na nyenje wanapita. Ndani weka matawi ya mpera yenye unene tofauti tofauti, na mmea hai wenye majani mengi. Haibiskasi inafaa sana. Kisha inua kizimba juu ya meza hadi kijiti cha juu kifikie usawa wa uso wako. Kinyonga anayetazamwa kutoka juu kila siku haachi kuogopa.

Hapa ndipo kosa kubwa lilipo, kwa hivyo nitakaa kidogo. Tazameni vizimba hivi viwili. Katikati nimening'iniza gunia. Naliondoa, nanyi mtazameni huyu dume wa pembe tatu. Ameona mwenzake. Ona ubavu unavyobapa, rangi inavyoingia weusi, mwili unavyoyumba mbele na nyuma. Hakuna aliyemgusa mwenzake, wala hawawezi kufikiana. Lakini ukiwaacha hivi kutwa, kesho yule mdogo kati yao hatakula, na wiki ijayo atakuwa anashinda kwenye kona moja ya chini. Mwenye kuwafuga atasema ana minyoo. Sawa, huenda anayo, ila kilichomwangusha ni kuonana. Narudisha gunia haraka.

Usikadirie kwa kusimama mlangoni. Weka jicho lako mahali anapokaa kinyonga, kwenye kijiti cha juu kabisa, kisha tazama pande zote. Ukimwona mwingine, hata mkia tu, ziba. Kagua pia kioo cha dirisha, kwa sababu dume hujiona humo na kupigana na kivuli chake siku nzima. Na msidhani ni madume tu. Jike mwenye mimba akionyeshwa dume kila siku anadhoofika vivyo hivyo. Watoto wa uzao mmoja wanaweza kukaa pamoja siku za mwanzo, lakini wakianza kupishana ukubwa, yule mdogo huacha kula mbele ya mkubwa. Watenganishe mapema.

Twende kwenye maji. Kinyonga hatambui bakuli. Hunywa matone yanayong'aa kwenye majani, na huanza polepole: kwanza hutazama, halafu husogea, halafu hungoja. Mwenye vizimba vingi hupita na pampu ya kunyunyizia, sekunde chache hapa, sekunde chache pale, akiamini wote wamekunywa. Wamelowa tu. Suluhisho ni rahisi. Kila kizimba kiwe na chupa yake ya plastiki juu, itobolewe kitako kwa sindano iliyopashwa moto, idondokee kwenye jani pana. Jaza zote asubuhi ili zidondoke kwa pamoja angalau dakika 20. Wewe uwe unapita ukiangalia nani analamba. Chini weka beseni la kukinga, ulimwage siku hiyo hiyo, maana sakafu yenye unyevu wa kudumu huleta vidonda vya miguu.

Kwa sisi wa Nakuru, neno moja zaidi: maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Mimi vinyonga huwapa maji ya mvua, na tangi lipo pale pembeni.

Utajuaje kama amekunywa vya kutosha? Sogeza kamera hapa kwenye kinyesi. Kuna sehemu nyeusi na sehemu hii ngumu nyeupe, ambayo ndiyo mkojo wake. Nyeupe kama hivi ni salama. Ikiwa ya rangi ya chungwa, ana kiu. Macho yaliyodidimia ni kiu ya muda mrefu au ugonjwa, na kinyonga anayefumba macho mchana hali yake ni mbaya, hata kama bado ameshika kijiti kwa nguvu.

Jua tunalo la bure, lakini wengi wetu huliwekea paa. Kinyonga anahitaji mionzi ya jua iitwayo UVB ili mwili utengeneze vitamini D3 na kutumia kalsiamu. Mionzi hiyo haipiti kwenye mabati, na kioo cha kawaida huizuia karibu yote, kwa hivyo kizimba kilicho sebuleni karibu na dirisha kinapata mwanga na joto tu. Matokeo ni mifupa laini: taya linabonyea, miguu inapinda, ulimi hautoki vizuri. Watoe kwenye jua la asubuhi, nusu ya kizimba ikiwa kivulini ili mwenyewe achague. Kama unatumia taa ya UVB, ibadilishe kadiri mtengenezaji anavyoelekeza, kwani mionzi hupungua huku taa ikiendelea kuwaka kama kawaida.

Wale mnaonitazama kutoka Kisumu, nawaomba msinifuate kila hatua. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku kunapoa. Kisumu ni kama mita 1,130, na mchana joto hukaribia nyuzi 30. Kinyonga wa pembe tatu ni wa nyanda za juu, kule Mlima Kenya na Aberdare. Kwenye joto hilo hugeuka mweupe na kupanua mdomo, na chini ya mabati anaweza kufa mchana mmoja. Huko kwenu hata ukipewa bure, usimchukue.

Chakula nitakipitia haraka. Nyenje ndio msingi, na watu wa Nyanza mna bahati, kwa kuwa chuo kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga pale Bondo kimekuwa kikishughulikia ufugaji wa nyenje kwa miaka mingi. Walishe nyenje wako sukuma wiki na karoti siku moja kabla. Mdudu asizidi upana wa kichwa cha kinyonga kati ya macho. Mnyunyizie unga wa kalsiamu kidogo. Vitamini nazo ziwe za nadra, hasa vitamini A kwa hawa wa milimani, maana ikizidi huhusishwa na kuvimba shingo. Panzi wa kuokota shambani kulikopigwa dawa ni sumu. Vimulimuli msiwape kamwe. Na watoto wa mtaa waelezwe kwa upole kwamba kumtia kinyonga tumbaku mdomoni ni kumuua.

Mweke nyenje kwenye kikombe kirefu kilichofungwa kwenye tawi, kila kinyonga na kikombe chake. Jioni unahesabu waliobaki na kuwatoa. Nyenje wanaoachwa kizimbani humng'ata kinyonga usiku akiwa amelala. Wala usihamishe waliobaki kwenda kizimba cha jirani, kwa kuwa minyoo husafiri kwa njia hiyo.

Majike. Kinyonga wa pembe tatu huzaa watoto hai, lakini yule wa kawaida wa mashambani mwenye mikunjo ya shingo hutaga, na anaweza kutaga mayai zaidi ya 30. Huyo mwekee ndoo yenye mchanga uliochanganywa na udongo, wenye unyevu, kina cha sentimita 30, kabla hujaona anahangaika chini. Jike asiye na pa kuchimba huyazuia mayai hadi yamuue.

Kinyonga mgeni yeyote akae chumba kingine miezi miwili au mitatu, ahudumiwe wa mwisho, na kibanio chake cha kushikia wadudu kisiingie kwa wengine. Ukichoka kuwafuga, usiwaachilie popote. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya walipelekwa Hawaii kwa biashara, wakaachiwa huru kisiwani Oahu, na mpaka leo wanazaana huko na kula wadudu na konokono wa asili. Zungumza na KWS.

Hatua ya mwisho ni daftari hili. Kila kinyonga ana ukurasa wake: uzito kwa gramu kila wiki kwenye mizani ya jikoni, alichokula, rangi ya mkojo. Usiku pita na tochi. Wakilala rangi hupauka, kwa hivyo utawaona upesi hata ndani ya majani, na asiyepauka au anayelala chini badala ya juu, mwandike.

Uzito ukishuka wiki mbili mfululizo, usimpe dawa ya kuku. Chukua kinyesi cha asubuhi hiyo kwenye kichupa safi, mtie kinyonga kwenye kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa, kijiti kikiwa ndani cha kushikilia, umpeleke kwa daktari wa mifugo. Akikuambia hajui reptilia, mwombe angalau akipime kinyesi kwa hadubini, kisha awasiliane na wenzake wa kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete kuhusu kipimo cha dawa kwa uzito ulioandika.