Udaktari kwa Mlango wa Uuguzi: Kozi Zipi, Ulipie Lini

REHEMA: Karibuni tena. Swali la leo limetoka Houston. Binti anasomea shahada ya uuguzi, wikendi anapiga shifti za CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, na moyoni anataka udaktari. Anauliza hivi: zile kozi za sayansi wanazodai vyuo vya udaktari azisome sasa, au amalize uuguzi kwanza? Halafu ameongeza, "na hela sina."

MWANGI: Basi hilo la hela ndilo swali lenyewe. Lingine ni ratiba tu.

REHEMA: Ratiba nayo inaua watu, kaka.

MWANGI: Inaua, lakini tuanze na kozi, maana hapo ndipo wengi wetu hujidanganya. Mtu akishasoma anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia, anajiona amekula ng'ombe mzima amebakiza mkia. Kumbe kwa vyuo vya udaktari bado hajakata hata nyama. Wao wanataka mwaka mzima wa biolojia pamoja na maabara, mwaka wa kemia ya jumla, kemia ogania, mwaka wa fizikia, baiokemia, takwimu na Kiingereza. Takwimu na Kiingereza muuguzi anazo tayari. Biolojia ya uuguzi, chuo kimoja kitaihesabu na kingine kitaikataa.

REHEMA: Na kemia?

MWANGI: Ile kemia moja ya wauguzi? Sahau.

REHEMA: Ngoja niseme hapa, kwa sababu Texas ina kitu kizuri. Vyuo vingi vya jimbo, hasa komyuniti koleji, vile vyuo vya umma vya miaka miwili, vinatumia namba za kozi zinazofanana. Kwa hiyo huna haja ya kubahatisha, fungua katalogi usome namba. CHEM 1406 ni kemia ya utangulizi kwa watu wa afya, ndiyo hiyo ya wauguzi. Unayoitaka wewe ni CHEM 1411 na 1412. Kwenye biolojia mambo yanageuka: BIOL 1406 ndiyo nzuri, ni ya wanafunzi wa sayansi, inafuatwa na 1407. Namba ni ile ile 1406. Upande wa kemia inakupotezea muda, upande wa biolojia inakufungulia mlango.

MWANGI: Na zote mbili zina krediti nne, kile kipimo cha uzito wa kozi unacholipia. Ukikosea, umelipia krediti nne za bure.

REHEMA: Mikrobiolojia pia iko hivyo. BIOL 2420 ni ya wasio watu wa sayansi, BIOL 2421 ni ya sayansi. Kama programu yako ya uuguzi inakubali 2421, chukua hiyo. Ada moja, kazi mbili.

MWANGI: Sasa karo. Dada Rehema, mimi nina msimamo mkali kidogo: usisubiri mpaka umalize shahada ndipo uanze kuwaza kemia. Ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, ni ya shahada ya kwanza. Kwa mwaka wa masomo 2025-26 kiwango cha juu ni dola 7,395, na si mkopo, hurudishi. Siku unayovaa joho, mlango huo unafungwa. Pili, vyuo vikuu kadhaa vina karo ya mkupuo: ukishafika krediti 12, bei ni moja tu hata ukibeba 16. Kama programu yako inabeba 12 muhula huu, kozi ya kemia iliyoongezwa hapo haikuongezei senti kwenye karo.

REHEMA: Haikuongezei senti, inakunyang'anya usingizi wa saa tatu. Na kuna kifungu umekiruka. Msaada wa serikali kuu unalipia kozi zinazohesabika kwenye shahada yako. Kemia isiyokuwa sehemu ya programu inaweza isihesabiwe, hata kama imo kwenye ratiba yako. Kwa hiyo kabla ya kujiandikisha, nenda ofisi ya misaada ya ada uulize: hii itaingia kama kozi ya hiari? Au nikitangaza kemia kuwa somo langu dogo la shahada, itahesabika? Jibu lije kwa maandishi. Barua pepe inatosha.

MWANGI: Hapo nakubali. Na kama unasoma chuo kikuu lakini kozi unataka kuichukua komyuniti koleji kwa sababu ni nafuu, uliza kama vyuo hivyo viwili vinaweza kuwekeana makubaliano ili msaada wako ulipie na huko.

REHEMA: Nafuu kweli. Wenzetu wa California wanalipa dola 46 kwa yuniti, ndivyo wanavyoita krediti, kama ni wakazi wa jimbo. Kemia ya yuniti tano ni dola 230. Huku Texas bei inategemea unaishi wilaya gani ya koleji, kwa hiyo kabla ya kuhamia apatimenti mpya angalia ramani ya wilaya. Nacheka, lakini sitanii.

MWANGI: Lakini kuna hofu kwamba vyuo vya udaktari vinadharau komyuniti koleji.

REHEMA: Vingi vinapokea. Vichache vinanung'unika. Dawa yake ni kusoma za mwanzo huko, halafu baiokemia, na ikiwezekana kemia ogania, ukazisome chuo kikuu ili waone unaweza. Kitakachokuangusha ni C, mahali uliposomea hapakuangushi. Ukirudia kozi, alama zote mbili zinaonekana na kuhesabiwa kwenye maombi. Ndiyo maana mimi siungi mkono kubeba kila kitu kabla ya joho.

MWANGI: Haya, tugombane kidogo.

REHEMA: Hesabu nami. Kemia ya jumla krediti nane, ogania nane, fizikia nane, biolojia nane, baiokemia tatu. Jumla 35. Texas ina sheria: ukipitisha krediti 30 juu ya zile za shahada yako, chuo cha umma kinaweza kukutoza ada ya juu zaidi. Zinahesabiwa ulizojaribu, pamoja na zile ulizozirudia. Sasa huyu binti akibeba zote 35, na labda alishabadilisha programu mara moja, ameingia kwenye ada ya adhabu akidhani anabana matumizi.

MWANGI: Hiyo sikuwa nimeiweka kwenye hesabu namna hiyo. Lakini baadhi zinaweza kuingia kama za hiari.

REHEMA: Baadhi. Ndiyo nasema agawanye. Na mgawanyo si wa kukata keki katikati. Kemia ni mnyororo: jumla ya kwanza, jumla ya pili, ogania mbili, ndipo baiokemia. Mihula mitano, huwezi kuruka kiungo. Kwa hiyo kemia ya jumla aianze sasa, kiangazi hiki, wakati hakuna klinikali, yale mafunzo ya hospitalini. Ogania ina maabara ya mchana mzima, na siku ya klinikali unaingia wodini kabla jua halijatoka. Hivyo viwili vikigongana, programu ya uuguzi haikusubiri.

MWANGI: Halafu akishakuwa na leseni ya uuguzi, hospitali inamlipia.

REHEMA: Zilizo na mpango huo. Sheria ya kodi inaruhusu mwajiri akulipie masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi. Kwa komyuniti koleji hiyo ni ogania na fizikia, chenji inabaki. Soma mkataba tu, wengine wanadai ubaki nao muda fulani baada ya kulipiwa. Na hata sasa hivi akiwa CNA aulize, baadhi ya waajiri hawabagui cheo.

MWANGI: Niongeze neno kwa ndugu zetu kutoka Kongo, walioko hapo Houston, Louisville, Boise. Mtu alisoma baiolojia Lubumbashi, ana transkripti safi, anauliza kama inahesabika. Kwa kawaida kozi za lazima zinatakiwa ziwe za chuo cha Marekani. Inauma, lakini ijue mapema. Upande mzuri ni kwamba punguzo la ada ya MCAT, mtihani wa kuingia udaktari, linaloendeshwa na AAMC, chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani, liko wazi pia kwa wakimbizi na waliopewa hifadhi, ikiwa kipato ni kidogo. Liombe kabla hujajiandikisha mtihani. Ukishalipa, hawarudi nyuma.

REHEMA: Na kama ana ukazi wa Texas autunze, maana vyuo vya udaktari vya umma hapa kisheria angalau asilimia 90 ya nafasi ni za wakazi. Maombi yake yanapitia TMDSAS, mfumo wa pamoja wa maombi wa Texas, unalipa ada moja hata ukiomba vyuo vyote vilivyomo.

MWANGI: Kwa hiyo Jumatatu afanye nini?

REHEMA: Barua pepe mbili. Moja kwa mshauri wake wa uuguzi: nimebakiza krediti ngapi za hiari, na ya 30 ya ziada nitaifikia lini? Nyingine ofisi ya misaada ya ada, lile swali la kozi ya hiari. Halafu aangalie CHEM 1411 ya kiangazi.

MWANGI: Na fizikia?

REHEMA: Fizikia haimo kwenye mnyororo. Isubiri mshahara.

MWANGI: Wiki ijayo tunazungumzia barua za mapendekezo. Tutumieni maswali mapema, si Alhamisi usiku.