Jangwa wanalijua wanaoshika mkia

Mwenyekiti, wakimbiaji wenzangu, na ninyi mliowasindikiza wakimbiaji wenu ili mjue wanakokwenda kuunguzwa na jua, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie marathoni za jangwani, hasa zile zinazosifiwa kwa mandhari yake. Picha mmeziona: matuta ya mchanga yenye rangi ya chungwa, mtu mmoja mdogo kama sisimizi anapanda ukingoni, na anga la buluu lisilo na hata wingu. Picha hizo si za uongo. Ila yule aliyemo pichani, mara nyingi, haoni mnachokiona ninyi. Anatazama ncha za viatu vyake.

Kwa hiyo washindi nitawagusia tu. Nataka kusema habari za wanaoshika mkia. Nimewasikiliza sana watu wa mbio hizi, na mimi mwenyewe nikishiriki nafasi yangu ni huko huko nyuma, na nimefikia mahali pa kuamini kwamba ukitaka kujua jangwa likoje usimuulize aliyelipita mbio mbio.

Mfano wangu mkubwa ni Marathon des Sables, kusini mwa Moroko. Mfaransa mmoja, Patrick Bauer, alivuka kwa miguu kipande cha Sahara ya Aljeria mwaka 1984, peke yake, kilomita 350 hivi kwa siku 12, kila alichokihitaji kikiwa mgongoni. Mwaka 1986 akaandaa mbio za kwanza, wakajitokeza watu 23. Baadaye wakawa zaidi ya elfu moja kwa mwaka. Umbali ni kilomita 250 hivi, zinazokimbiwa kwa takriban juma zima, na mojawapo ya siku hizo ina kilomita 80 au zaidi. Huwa nacheka nikisikia zikiitwa marathoni, maana marathoni yenyewe, ile ya kilomita 42, ni siku moja tu kati ya hizo.

Kanuni yake kuu ni kwamba unajibebea. Chakula cha juma zima, kisichopungua kilokalori 2,000 kwa siku. Mfuko wa kulalia, dira, firimbi, kisu, kioo cha kuashiria na, kwa miaka mingi, pampu ya kunyonya sumu ya nyoka. Begi lisipungue kilo 6.5 wala lisizidi 15, maji hayahesabiwi. Waandaaji wanakupa maji na hema, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa turubai jeusi la Kiberiberi lililoegemezwa juu ya miti, upepo ukipita chini yake kama wenye nyumba. Mlikuwa mkilala humo watu wanane. Ukikuta wenzako wanakata mipini ya miswaki kwa kisu ili wapunguze gramu chache, usidhani jua limewapanda kichwani. Siku ya tatu hata wewe utatafuta cha kukata.

Sasa tupige hesabu ya jua. Lahcen Ahansal, mtu wa Zagora huko huko kusini mwa Moroko, alishinda mbio hizi mara 10. Mdogo wake Mohamad alishinda mara 5. Watu wa daraja hilo humaliza ile siku ya kilomita 42 kwa saa tatu na kitu. Wakianza saa mbili na nusu asubuhi, jua la utosi linapofika wao wameshavua viatu, wamejinyoosha hemani. Mshika mkia jua hilo linamkuta katikati ya njia, na linakwenda naye mpaka jioni. Joto hukaribia nyuzi 50, kivuli hakuna, na nyuma yake wanakuja ngamia wawili wakiongozwa polepole na wachungaji wao. Hao ngamia ndio mwisho wa mbio. Wakikupita, umetoka. Nawaambieni, hakuna saa ya mkononi inayomhimiza mtu kama kugeuka na kuona vichwa vya ngamia juu ya tuta ulilolivuka sasa hivi.

Kwa hiyo mbio ni moja, ila mashindano ni mawili. Mmoja anashindana na wenzake kwa saa tatu. Mwingine anashindana na jua kutwa nzima. Na bado medali ni ile ile.

Mandhari, basi, kwa sababu ndiyo mliyoijia. Watu hudhani jangwa ni mchanga tu. Sahara kwa sehemu kubwa ni mawe: nyanda za kokoto nyeusi, mabonde ya mito iliyokauka, milima mikavu wanayoiita jebel. Matuta makubwa yapo, na yale ya Erg Chebbi karibu na Merzouga hufika mita 150 hivi kwenda juu, lakini hayachukui njia nzima. Nikiwauliza watu ni wapi walipoteseka zaidi, wengi hawataji matuta. Wanataja sakafu za maziwa yaliyokauka. Pale ni tambarare, ardhi ngumu, nyeupe, imepasuka pasuka, na mbele unaona mlima au hema la kituo. Hewa kavu haina ukungu, hivyo jicho linadanganyika na kukuambia ni hapo tu, mwendo wa nusu saa. Unakwenda nusu saa. Hema halijakua. Unakwenda saa nzima. Limekua kidogo, basi unajilaumu kwa kulitazama. Kwenye matuta angalau kila ukingo unaoufikia unakupa kitu kipya cha kuona. Kwenye ziwa kavu hupewi kitu.

Na matuta yana siri yake. Asubuhi mapema mchanga umeshikamana kiasi, na upande unakotoka upepo ni mgumu kuliko upande wa kujikinga. Wanaotangulia hukanyaga ule ukoko wakauvunja. Sisi wa nyuma tunapita mahali palipokwisha kufanywa unga na miguu mia kadhaa, unapanda hatua moja, unateleza nusu yake. Wenye uzoefu huacha njia ya wengi, wakatembea pembeni kwenye mchanga ambao haujaguswa.

Niwapeleke miguuni kidogo, maana hadithi za jangwani huishia huko. Mchanga wa Sahara ni laini sana, unapenya kitambaa cha juu cha kiatu hata ukikaza kamba namna gani. Ndiyo maana watu hushonea viatu vyao ukanda wa velkro, ule wa kunatana, kuzunguka soli, kisha hubandika juu yake kifuniko cha kitambaa kinachofika chini ya goti. Gundi peke yake haitoshi, joto huilegeza. Kushona ndiko kunakodumu, na mpeleke fundi viatu anayejua kazi yake, asitoboe mpaka ndani. Tena nunua kiatu kikubwa kuliko chako cha kawaida, kwa sababu mguu huvimba. Ukikosea hapo, kwanza unasikia moto kidogo kwenye kidole gumba. Unajiambia utakiangalia kituoni. Kituoni unaona malengelenge, maji yake bado meupe. Kesho yake yana damu. Jioni kwenye hema la matabibu kuna foleni ya watu waliovaa slipa za kitambaa, wanatembea kwa visigino na mikono imeinuliwa kidogo pembeni. Daktari anatoboa, anakata ngozi iliyokufa, anapaka dawa ya kuua vijidudu, na hapo ndipo utasikia lugha zote za dunia zikisema neno moja. Wembamba wa mchanga, unyevu wa jasho na msuguano: ukiondoa kimojawapo, umeokoa mguu. Moto ule wa kwanza ndio wa kusimamia, hapo hapo, hata kama ngamia wanaonekana.

Habari ya maji sasa, na hapa naomba msikilize hasa ninyi wa polepole. Hewa ya jangwani ni kavu kiasi kwamba jasho linakauka kabla hujaliona. Mtu anajigusa shingo, anakuta pakavu, anasema leo sitoki jasho. Kumbe anatoka hata lita moja kwa saa, na pengine zaidi. Kukauka huko ndiko kunakompoza, maana lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi inaondoka na takriban kilokalori 580 za joto. Ushahidi unabaki kwenye fulana: mistari myeupe ya chumvi. Chumvi hiyo lazima irudi mwilini. Tumezoea kuonywa tusikaukiwe, onyo sahihi kabisa, ila maji matupu kupita kiasi nayo huua. Wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston ya mwaka 2002 walipimwa damu, na asilimia 13 yao wakakutwa na sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, pungufu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Walioongezeka uzito njiani walikuwa hatarini zaidi, na waliotumia zaidi ya saa nne pia. Sababu si ngumu. Mtu wa polepole ana muda mwingi wa kunywa na anapita vituo vile vile vyote. Kunywa kwa kiu, lamba chumvi kwa utaratibu, na ukiona vidole vimevimba mpaka pete haitoki, huku kichwa kinauma na tumbo linacheza, usiongeze chupa nyingine. Mwone daktari.

Siku ile ndefu ndiyo ninayoipenda. Pale Marathon des Sables kumekuwa na desturi ya kuwachelewesha walio bora, wakimbiaji 50 hivi wa mbele, waondoke saa tatu baada ya wengine. Hiyo ndiyo nafasi pekee kwa mtu wa nyuma kuwaona mabingwa. Unajikokota kwenye kokoto, unasikia nyuma yako sauti nyepesi ya viatu, wanapita wawili watatu, hawapumui hata kwa kelele, vibegi vyao vidogo vimewakaa mgongoni bila kutikisika. Watu wanasimama kuwapigia makofi. Baada ya dakika tano hawaonekani tena, na wewe bado una kilomita hamsini.

Kisha linaingia giza. Taa za vichwani zinatandazika mbele yako mstari mrefu. Baridi inashuka haraka, kwa sababu hewa isiyo na unyevu wala mawingu haina cha kuzuia joto la ardhi lisipae. Ukizima taa dakika moja ukaangalia juu, utaelewa kwa nini watu wazima wanalia. Washindi hawana habari na jambo hili. Wao wamemaliza jioni, wamekula, wamelala.

Kuna wanaosema nayapamba mambo, kwamba mwenye mbio ndogo ni mwenye maandalizi madogo tu. Lina ukweli. Mwaka 2021 Marathon des Sables zilikimbiwa Oktoba badala ya msimu wake wa kawaida, joto likazidi, watu wengi wakapatwa na maradhi ya tumbo, mkimbiaji mmoja akafariki, na karibu nusu ya walioanza hawakumaliza. Jua halimwonei mtu huruma kwa kuwa anatembea kwa adabu.

Ila tazameni mikasa mingine miwili. Mwaka 1994 Mauro Prosperi, askari polisi wa Italia aliyewahi kushindana katika pentathloni ya kisasa, mchezo unaounganisha michezo mitano, alikutwa na tufani ya mchanga njiani. Kanuni ilikuwa wazi: simama, subiri. Alikuwa nafasi za mbele, hakutaka kuipoteza, akaendelea. Upepo ulipotulia njia haikuwepo. Alitangatanga siku zaidi ya nane, akajihifadhi kwenye kaburi la walii, akala popo, akanywa mkojo wake, mpaka wafugaji wanaohamahama wakamkuta akiwa ameshaingia Aljeria, amepungua zaidi ya kilo 15. Mkasa wa pili ni wa Mei 22, 2021, mkoani Gansu, China, kwenye hifadhi ya Msitu wa Mawe wa Mto Manjano, eneo kame lenye mandhari ya kupigiwa mfano. Mbio za kilomita 100, washiriki 172. Kulishuka ghafla mvua ya barafu na upepo mkali, nao wengi walikuwa na kaptura na fulana nyepesi. Wakafa 21, akiwemo bingwa Liang Jing. Hali ilikuwa mbaya zaidi kwa waliotangulia, maana walikuwa wameshapanda juu mlimani. Wengi wa nyuma waligeuka wakarudi. Mchungaji mmoja wa mbuzi na kondoo aliokoa sita kwa kuwaingiza kwenye pango lake na kuwakokea moto.

Waliokufa kwenye nchi kame, hapo, waliuawa na baridi. Kwa hiyo koti jepesi la mvua na blanketi la dharura visikosekane begini hata mkicheka.

Naona dada pale amenyoosha mkono. Anauliza afanye mazoezi gani, naye anakoishi hakuna mchanga wala joto.

Asante, dada. Mchanga usikusumbue. Fanya mazoezi ya kutembea, maana huko hata wakimbiaji wazuri hutembea sana, na anayejua kutembea haraka akiwa na kilo nane mgongoni humpita anayekimbia na kusimama. Ongeza mzigo kidogo kidogo, na kula kwenye mazoezi chakula kile kile utakachokula kule, kikiwa baridi. Joto mwili hulizoea kwa siku 10 hadi 14: maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza mapema na linapoteza chumvi kidogo. Kama huwezi kufika mapema, vaa nguo nzito mazoezini au tumia sauna baada ya kukimbia, kwa kiasi na usiwe peke yako. Na picha, maana najua wengi ndilo swali mnaloogopa kuuliza: simu ikae mfuko wa mbele, siyo begini. Ukilazimika kuvua begi, hutapiga hata moja.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Wenye maswali ya viatu tukutane hapo mlangoni, nimekuja na jozi moja iliyoshonewa velkro, mtaiona.