Watoto wa Mpiga Obo
Mhadhara uliotolewa kabla ya tamasha la hisani la muziki wa chemba, kwa ajili ya matibabu ya wanamuziki wakongwe

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mliotuburudisha kwa miaka mingi, wapigaji wa jioni hii, mabibi na mabwana.

Nimeombwa nieleze mambo mawili kabla obo, ambayo ni ala ya kupulizwa, pamoja na fidla, viola na chelo hazijaingia jukwaani: kwanza, muziki huu tuliokuja kuusikiliza ni wa namna gani, na pili, kwa nini mapato yake yaende kwenye matibabu ya wanamuziki wazee. Nilipoketi kuyaandaa niligundua kwamba mambo hayo mawili yana mzizi mmoja, na mzizi wenyewe unapatikana katika mtaa mmoja wa London uitwao Haymarket, ambako mnamo mwaka 1738 vijana wawili walionekana wakiswaga punda wa maziwa. Wakati ule maziwa ya punda yalihesabiwa kuwa dawa ya wagonjwa, na mnyama mwenyewe alipitishwa mlango kwa mlango akikamuliwa mbele ya mnunuzi. Ilikuwa kazi ya watu wa chini kabisa.

Baba wa vijana hao aliitwa Jean Christian Kytch, mpiga obo mwenye asili ya Uholanzi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa miongoni mwa wapigaji hodari wa okestra iliyopiga opera za mtunzi Handel. Watu waliolipia kumsikia Kytch walikuwa mabwana na mabibi wa daraja la juu, lakini kipaji hakikumwekea akiba. Mambo yalimharibikia, akafa fukara, na watoto wake wakabaki bila mtu wa kuwatazama. Siku ile wanamuziki watatu walikuwa wamesimama mlangoni mwa mkahawa ulioitwa Orange, nao ni Michael Festing mpiga fidla, Carl Weidemann mpiga filimbi, na Thomas Vincent ambaye mwenyewe alikuwa mpiga obo. Waliwatazama wale vijana wakipita na punda wao, wakawatambua. Naomba tutulie kidogo hapo kwa Vincent, kwa sababu mtu anayeishi kwa ala ileile aliyoishi nayo marehemu hawezi kuwatazama yatima wa marehemu kama mpita njia wa kawaida anavyowatazama.

Watatu hao waliwachangia watoto wa Kytch, lakini hawakuishia hapo. Waliwaita wenzao, wakaanzisha mfuko wa kuwasaidia wanamuziki walioishiwa nguvu pamoja na familia zao, ambao kila mwanachama aliuchangia kwa vipindi maalumu angali mzima na akiwa na kazi. Handel alikuwa mmoja wa waasisi wake. Mnamo tarehe 20 Machi 1739 kazi yake iitwayo Alexander's Feast ilipigwa katika ukumbi wa King's Theatre, hukohuko Haymarket, na mapato yakaingia katika mfuko huo. Alipofariki mwaka 1759 alikuwa ameuachia katika wosia wake pauni 1,000. Mwaka 1790 mfuko ulipata hati ya kifalme, na chama kilichozaliwa humo kinaendelea na kazi hadi leo kikiitwa Royal Society of Musicians.

Sisi tunalo jina la chombo cha namna hiyo, na tena jina letu linasema kweli kuliko lile la Kiingereza: ni chama cha kufa na kuzikana. Ndiyo maana sipendi jioni kama hii iitwe ya sadaka. Sadaka humtoka aliye nacho ikamwendea asiye nacho, na mara nyingi hao wawili hawajuani. Ilhali katika chama cha kufa na kuzikana anayetoa leo anajua kwamba kesho jina lake linaweza kusomwa upande wa pili wa daftari. Handel mwenyewe alijua namna zote mbili. Tarehe 13 Aprili 1742, kazi yake ya waimbaji na okestra iitwayo Messiah iliposikika mara ya kwanza mbele ya hadhara iliyolipa kiingilio, jijini Dublin, mapato yaligawanywa kati ya hospitali mbili na wafungwa wa madeni, na wadaiwa 142 wakatolewa gerezani. Mabibi walikuwa wameombwa waje bila vazi la pete kubwa chini ya sketi, na mabwana waje bila panga, ili ukumbi ubebe watu wengi zaidi. Ile ilikuwa sadaka, na ilikuwa sadaka njema sana. Hii yetu ni ya ukoo wa Kytch.

Sasa nihamie Vienna, ambako chama cha namna hiyohiyo kiliundwa mwaka 1771 kwa juhudi za mtunzi Florian Gassmann, kikiitwa Tonkünstler-Societät, kwa ajili ya wajane na yatima wa wanamuziki. Kila mwaka kilifanya matamasha ya hisani katika majira ya Kwaresima na ya Majilio, wakati michezo ya kuigiza ilipofungwa na watu wakawa na kiu ya burudani. Nakihamia kwa sababu ya mtunzi Mozart, ambaye kazi yake ndiyo itakayofungua jioni yetu.

Mapema mwaka 1781 Mozart alikuwa Munich kwa ajili ya opera yake Idomeneo, iliyoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 29 Januari. Katika okestra ya pale alikuwepo rafiki yake Friedrich Ramm, ambaye kwa upigaji wa obo alikuwa na wapinzani wachache barani Ulaya, na Mozart akamwandikia kwateti ya obo, fidla, viola na chelo katika ufunguo wa F, inayojulikana leo kwa namba K. 370. Kwateti ya kawaida ya nyuzi huwa na fidla mbili. Hapa fidla ya kwanza imeondolewa na obo imewekwa mahali pake, na kazi yote ni hesabu ya jinsi mgeni huyo anavyopokewa na wenyeji watatu. Katika sehemu ya pili, iliyo ya taratibu na yenye vipimo 37 tu, yaani vikundi vidogo vya mapigo, nyuzi zinatangulia kusema, kisha obo inaingia juu yao kama mtu anayepokea maombolezo kutoka kwa wenzake. Sehemu ya tatu ina mzaha ambao nawaomba msiache uwapite: nyuzi zinaendelea na mdundo wao wa sita kwa nane, yaani mapigo sita mafupi katika kila kipimo, huku obo ikijitenga na kwenda mdundo wa nne kwa nne kwa vipimo 13, ikikimbia kana kwamba haioni wala haisikii wenzake wanavyokwenda, halafu inarudi kundini bila kuomba radhi. Aliyezoea ngoma zetu, ambamo midundo miwili hukaa nyumba moja bila ugomvi, hatashtuka. Wasikilizaji wa Munich sidhani kama walibaki wametulia vilevile.

Wiki chache baadaye Mozart aliitwa Vienna na mwajiri wake, Askofu Mkuu Colloredo wa Salzburg, na tarehe 3 Aprili mwaka huohuo alipiga katika tamasha la hisani la chama kile cha wajane na yatima, baada ya askofu kumkatalia mwanzoni na kisha kulegeza kamba. Miaka minane baadaye, tarehe 22 Desemba 1789, kwinteti yake, yaani kazi ya ala tano, ya klarineti na nyuzi ilisikika mara ya kwanza katika tamasha la chama hichohicho. Kwa hiyo aliwatumikia wajane na yatima wa wenzake kwa mikono yake na kwa kalamu yake. Lakini mwaka 1785 alipoomba uanachama, maombi yake yalikwama kwa sababu hakuwasilisha cheti cha kuzaliwa. Nadhani hakuna asiyeielewa hadithi hii hapa ukumbini. Sote tumewahi kusimama mbele ya dirisha tukaambiwa turudi na karatasi fulani. Karatasi hiyo haikupelekwa, na Mozart alipofariki Desemba 1791, mkewe Constanze, akiwa na watoto wawili wadogo, hakuwa na haki ya kudai hata senti kwa chama ambacho mumewe alikipigia bure. Ilimbidi amwandikie Kaisari Leopold II barua ya kuomba posho, na baadaye aandae matamasha ya kumchangia yeye na wanawe. Wenye dhamana ya mfuko wetu wanisikilize vizuri hapo: baadhi ya wazee tunaowakusudia hawana mkataba hata mmoja unaoonyesha walipiga wapi na mwaka gani, na tukianza kwa kudai karatasi, tutawapoteza wale tuliowafanyia tamasha.

Nirudi kwenye neno lenyewe, chemba. Muziki wa chemba ni muziki wa ala chache, kila ala ikiwa na njia yake peke yake, bila mwongozaji wa kusimama mbele na kupunga fimbo, na uliandikwa upigwe katika chumba cha nyumba na si katika uwanja. Kiswahili kilikwisha kuliandaa neno hili bila kukusudia, kwani tunasema fulani kamvuta mwenzake chemba, yaani kamtenga pembeni amweleze jambo lisilofaa kutangazwa mbele ya halaiki. Mimi sijapata maelezo bora zaidi ya muziki huu. Una faida nyingine ambayo mweka hazina ataithamini. Niliwahi kuhudhuria hafla ya hisani katika hoteli moja kubwa, penye mitambo ya sauti iliyokodiwa, mapambo na chakula cha kutosha kijiji kizima, na hesabu zilipofungwa aliyechangiwa alipata kidogo kuliko mpambaji. Watu wanne wenye viti vinne na stendi nne za nota, katika ukumbi usiohitaji kipaza sauti, hawali mapato ya mgonjwa.

Kuhusu ala zenyewe, fidla na chelo hazina haja ya kutambulishwa mbele ya watu waliokulia katika taarabu. Tangu enzi za kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa, kilichoundwa Unguja mwaka 1905, fidla imekwisha kuwa mwenyeji wa pwani, na wapo humu ndani walioishika kabla mimi sijazaliwa. Viola ni kubwa kidogo kuliko fidla na sauti yake ni nzito zaidi. Huwa haitambiwi sana, na jioni hii pia haitajitafutia makuu. Obo ndiyo ngeni kwa wengi, ijapokuwa aliyetoka Lamu, Mombasa au Unguja atamtambua mara moja jamaa yake zumari. Zote mbili ni bomba linalopanuka kuelekea chini, na zote mbili hulia kwa ndimi mbili nyembamba zinazogongana pumzi inapopita katikati yake. Tofauti ni kwamba mpiga zumari huziachia ndimi zilie kinywani, na ndiyo sababu sauti yake huvuka mitaa siku ya harusi. Mpiga obo huzibana kwa midomo, akaweza kuifanya sauti iwe nyembamba kama uzi. Upenyo ule ni mdogo kiasi kwamba taabu yake si kuishiwa pumzi, ni kubaki na pumzi iliyochakaa kifuani, na mkimtazama mtamwona mara nyingine akitoa pumzi kwanza ndipo avute nyingine. Ndimi zake huzichonga mwenyewe kwa tete, na hazidumu.

Jambo jingine nalisema kwa fahari. Obo ya Kytch na ile ya Ramm zilichongwa kwa miti ya kwao, hasa mti uitwao boksi, lakini katika karne ya 19 mafundi wa Ulaya waliufuata mpingo, na obo nyingi za leo ni za mti huohuo Wamakonde wanaouchonga vinyago. Mpingo unaota Lindi, Mtwara, Ruvuma na ng'ambo ya Mto Ruvuma nchini Msumbiji, na huchukua miongo mingi kufikia unene wa kufaa kukatwa. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi katika Wilaya ya Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa bila kuharibiwa, kwa misitu yao, ili mti uuzwe na wenye mti wapate haki yao. Kwa hiyo sauti mtakayoisikia ni ya mgeni aliyezaliwa kwetu.

Kazi ya mwisho ya programu ni ya mtunzi Mwingereza Benjamin Britten, ambaye aliiandika mwaka 1932 akiwa bado hajatimiza miaka 19. Inaitwa Phantasy, na umbo lake la sehemu moja isiyokatika lilifufuliwa na mfanyabiashara Walter Willson Cobbett, mpenzi wa fidla aliyetumia mali yake kudhamini mashindano ya kutunga muziki wa chemba kuanzia mwaka 1905. Britten aliitunuku kwa Léon Goossens, mpiga obo aliyewathibitishia Waingereza kwamba ala hii inaweza kusimama peke yake mbele ya watu, na ndiye aliyeipiga mara ya kwanza, mwaka 1933, katika matangazo ya redio ya BBC.

Nawapa tahadhari moja juu ya kazi hiyo, kisha ninaketi. Inaanza na chelo peke yake, kwa sauti ya chini mno, ikipiga hatua za gwaride linalosikika kutoka mbali. Viola inajiunga, kisha fidla, na obo inakuja ya mwisho. Inamalizika kwa kurudi njia ileile, ala moja baada ya nyingine ikinyamaza, hata inabaki chelo na hatua zake. Tafadhali msipige makofi obo itakapoacha, kwa sababu kazi itakuwa haijaisha. Subirini hadi mpiga chelo ashushe upinde wake. Sanduku la michango liko mlangoni upande wa kulia, na daftari la majina ya wazee limewekwa kando yake kwa yeyote anayemjua mwanamuziki ambaye hatujamwandika. Wapigaji wako tayari. Mtaisikia kwanza obo ikitoa sauti moja ndefu, ya nota iitwayo “la”, na nyuzi zote tatu zikijipima kwayo.